Nilimpa Baba Mkwe Pombe kwa Mkono wa Kushoto

Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa na nimeachika, na mkono wangu wa kulia hauwezi kufunga kifungo cha blauzi. Wasomaji wenzangu, msinicheke...

Mwaka 2012 nilipata kazi kwenye karakana ya ushonaji Kibondo mjini. Wenzangu walishona, mimi nilikata vitambaa tu. Sare za shule, kaki ngumu, kutwa nzima mkasi mzito mkononi! Nilijiona mjanja kwa sababu hakuna aliyenifikia kwa kasi.

Ganzi ilianza kwenye kidole gumba, ikaenea hadi viwili vinavyofuata. Usiku mkono ukauma, mchana vitu vikaanza kuniponyoka. Mume wangu, Bukuru, ndiye aliyenifunga vifungo kila asubuhi. Nilipotaka kwenda hospitali alinikataza. Alisema habari zikifika kwao Heru Juu, wataona ameoa mke asiyeweza kushika jembe. Nami nikakubali... Mapenzi haya!

Mwaka 2014 tulikwenda huko kwao, Kasulu, kwenye harusi ya mdogo wake. Nikaambiwa nimpelekee baba mkwe pombe ya ndizi mbele ya wageni. Kwao mkamwana hupiga magoti na kutoa kwa mkono wa kulia. Wangu wa kulia ulikuwa umekufa! Niliogopa kummwagia mzee pombe kifuani. Nikapiga magoti, nikampa kwa kushoto.

"Mkamwana, unanipa kwa kushoto? Mimi ni mbwa wako?"

Nilimtazama Bukuru. Neno moja tu lingetosha! Aliinamisha kichwa, akasema hata yeye anashangaa nimetoa wapi kiburi hicho. Yeye aliyenifunga vifungo asubuhi ile ile!

Nilijaribu kueleza. Nani anisikilize? Waliuliza ni ugonjwa gani huo ambao hata mume haujui. Nikarudishwa kwetu Kumsenga na mabegi yangu.

Ndipo nikaenda hospitali. Daktari alisema mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa kwenye kifundo cha mkono muda mrefu mno, kwa sababu ya kazi ile. Nikapasuliwa. Maumivu yaliisha, ganzi ikabaki. Alisema ningekuja mapema... Mapema! Nililia mbele yake bila aibu.

Washonaji, wasusi, nyote mnaorudia jambo moja kutwa nzima, nawasihi: ganzi ikianza, pumzisheni mkono, nendeni hospitali, na semeni mbele za watu. Msimwachie mtu mmoja awafichie ugonjwa wenu. Mimi nilimwachia... na leo nguo zangu zote hazina kifungo hata kimoja.