Bibi Hajanywa

Haya yalimpata dada yangu, fundi cherehani. Nayaandika kama nilivyoyaona.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Dada alikuwa sebuleni akishona sare za shule, mguu kwenye kanyagio, pini mdomoni. Bintiye mdogo, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, aliokota vipande vya vitambaa chini ya meza. Chumba cha nyuma alilala mama mkwe wake, aliyepooza upande wa kulia. Shemeji ni dereva wa malori ya masafa marefu, hivyo mgonjwa alikuwa mikononi mwa dada.

"Cherehani ya mkwe wangu inaongea kuliko mwenyewe," bibi aliniambia nilipoingia kumsalimia. Tukacheka. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kigoda chenye kikombe cha maji. Vidole viliishia hewani, shubiri moja kabla ya kikombe.

"Nisogezee kidogo, mwanangu."

Nikamsogezea. Alikunywa yote bila kupumua.

Nilirudi sebuleni nikamwambia dada kwamba kigoda kiko mbali. Hakuinua macho.

"Najua kilipo. Akinywa, analowanisha shuka. Akilowanisha, nafua. Nikifua, hizi sare atashona nani, wewe?"

"Dada, ana kiu."

"Jioni nitampa. Usinifundishe kulea wazee, wewe uliyeshindwa hata kufuga kuku."

Nilikiacha kigoda karibu na kitanda, nikaaga. Baadaye mtoto aliniambia kwamba mama yake alikirudisha kabla sijafika barabarani.

Bibi alifariki wakati wa joto. Tuliomwosha tuliiona midomo yake ilivyopasuka.

Waombolezaji walipotawanyika, mtoto aliacha kunywa maji. Akipewa kikombe, alikipeleka chumba cha nyuma, akakiweka kwenye kigoda, akasimama kungoja.

"Bibi hajanywa," alisema.

"Bibi hayupo, mama."

"Yupo. Anasema kiko mbali."

Dada alibembeleza. Akafoka. Akambana mashavu na kummiminia mdomoni, mtoto akatema. Mwishowe alianguka mlangoni, wakamkimbiza zahanati. Aliwekewa maji kwa mshipa. Daktari alimchunguza koo, akasema halina tatizo. Kweli, kule zahanati alikunywa vizuri, akaomba tena. Walipovuka kizingiti cha nyumbani, akafumba mdomo.

Dada alinipigia simu. Alikuwa akinong'ona.

"Njoo umchukue. Kwangu atakufa."

Nilifika mchana, jua likiwaka. Mtoto alikuwa amekaa nje, amepakata mfuko wa nguo zake. Nikaingia ndani. Cherehani ilikuwa kimya. Chumba cha nyuma, dada alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kilikuwa kimetandikwa. Hakikuwa na mtu.

Alikuwa na kijiko. Alichota maji kikombeni, akayamimina juu ya mto.

Nikasogea. Maji yalidondoka kutoka kwenye kijiko. Hayakufika kwenye mto.

"Kunywa, mama," alisema. "Nimesogeza."

Kisha nikasikia mtu akimeza.

Nilimbeba mtoto nikaondoka naye. Anaishi kwangu mpaka leo. Anakunywa, anacheza, ananiita mama mdogo. Dada humtembelea Jumapili. Humsuka nywele polepole, anafumua, anasuka tena, ili tu asimalize upesi.

Jumapili iliyopita mtoto alimwuliza, "Mama, nitarudi lini nyumbani?"

"Shuka likilala kavu, mama."

Mtoto akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Mimi sikuelewa. Nilimsindikiza dada hadi kwake, na njiani nikamwuliza.

"Siku ile nilipomnywesha, niliomba msamaha," alisema. "Nilidhani yameisha. Nilikuwa nikifikiri malipo ya mtu huja kama radi, yanakupiga, basi. Kumbe ni kazi ya nyumbani. Ni maji, ni shuka, ni sabuni. Unaamka, unaanza upya."

"Si uhame?"

"Nihamie wapi? Nikihama, nani atamsogezea?"

Tulipofika, cherehani ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa. Wateja walishatafuta fundi mwingine. Mikono ya dada ilikuwa imechubuka kwa kufua. Alinipeleka chumba cha nyuma, akafunua blanketi.

"Hili nililitandika asubuhi, kabla sijaja kwako. Lilikuwa limekauka vizuri juani. Mlango nilifunga kwa ufunguo."

Katikati ya shuka palikuwa na duara la majimaji. Niliangalia darini. Dari ilikuwa nzima, na mvua haikuwa imenyesha kwa muda mrefu. Dada alikwishaanza kulitandua, kona baada ya kona, kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Shika upande ule," alininong'oneza.

Nikashika.

Lilikuwa bado la vuguvugu.