Nilimjibu kwa Mabango

"Mlango wa choo cha stesheni umeupiga picha! Mimi hata moja hujanipiga!"

Mwokaji mikate niliyesafiri naye alisimama katikati ya njia, mikono kiunoni. Nilicheka mpaka machozi.

"Jamani, tazama ile R ilivyokaa! Imechorwa kwa brashi, si kompyuta."

"Na mimi kompyuta ndiyo iliyonichora? Mbona hunitazami?"

Mimi ni fundi wa mabango; kwetu nachora ya saluni na maduka ya dawa. Yeye alikuja nchi hii kununua mashine ya kukandia unga, akanilipia tiketi nimsindikize. Jana, kwenye foleni ya treni, akaniambia:

"Nataka kukuoa. Wewe pamoja na mwanao. Nijibu kabla hatujapanda ndege."

Ndege ilikuwa leo jioni, na mimi tangu jana namjibu kwa mabango. Baba wa mwanangu naye aliniahidi ndoa, akatoweka mimba ikiwa changa. Moyo ulitaka, mdomo ukagoma.

"Jibu langu liko wapi, mpenzi?"

"Subiri, hili la kinyozi!"

Lilikuwa zuri kupita yote: mkasi wa bluu, herufi za dhahabu. Sisi mafundi, ukitaka kujua kama herufi zimekaa sawa, unarudi nyuma. Nikarudi hatua, nikarudi tena, macho juu, nikasahau kabisa kwamba sipo karakanani.

"Wewe!"

Nilivutwa shati kwa nguvu. Basi likapita likipiga honi. Simu ikanidondoka, gurudumu likaipanda. Kraa!

Mwokaji alinivuta mpaka ukutani.

"Mtoto ningemwambia nini? Eti mama yake kafa kwa ajili ya kinyozi?"

"Picha zangu zote..." Nikaanza kulia.

"Picha!" Akanitupia simu yake. "Haya, tazama."

Mimi, nimechuchumaa mbele ya bango la bucha. Mimi, juu ya ndoo, nalivizia la mbwa mkali. Mabango yote yalikuwamo, na mbele ya kila moja, mgongo wangu.

"Kumbe ulikuwa unanipiga muda wote huu?"

"Ungegeuka ungeniona."

Simu yake ikaita mkononi mwangu, nikapokea. Mama.

"Mwanangu, mbona simu yako haipatikani mpaka nipige ya mwenzako? Roho imenipaa! Mko salama?"

"Salama. Mama, kaa kwanza."

"Nimekaa. Kuna nini tena?"

Nikamtazama mwokaji. Jasho lilimtiririka, bado kaushika ukosi wa shati langu.

"Kuna mtu hapa anataka kukuita mama mkwe. Nimemkubalia."

"Unasema?!" Mwokaji aliruka.

Vigelegele vya mama vililipuka simuni mpaka kinyozi akatoka nje, na mteja wake nyuma yake, kichwa nusu kimenyolewa. Wakatuuliza kitu. Lugha yao hatukuijua hata neno.

Mwokaji akaninyanyua juujuu, akanizungusha.

Wakaanza kupiga makofi.