Nani Analegeza Dishi?

"Kushoto kidogo."

"Hapo?"

"Kidogo, Ng'ambo! Nimesema kidogo, wewe umelizungusha kama usukani wa lori."

"Basi nielekeze vizuri, Fundi. Mimi huku naona kofia yako tu."

"Rudisha kulia. Taratibu... taratibu... Simama hapo hapo! Usipumue!"

"Nisipopumua nitakufa, halafu utaongea na nani?"

Mawimbi alicheka mpaka akashikilia bomba la antena asiteleze. Alikuwa juu ya paa la ukumbi wa wakazi wa Kilimani, spana mkononi, simu kaibana kwa bega. Mbele yake lilikuwa bonde zima, na upande wa pili, juu ya tangi la maji, alisimama kijana mmoja mrefu ambaye kwa mbali alionekana mdogo kama njiti ya kiberiti. Huyo ndiye watu wa Kilimani walimwita Ng'ambo.

Ngoja nikueleze kazi yao. Waya wa intaneti uliishia Kilimani, bondeni haukupita. Wakazi wa pande zote mbili wakakubaliana wajitegemee: dishi moja juu ya ukumbi, jingine juu ya tangi, mtandao uruke bonde zima hewani, uingie zahanati, shule na majumbani. Ila madishi hayo yana masharti yake. Lazima yatazamane macho kwa macho. Moja likigeuza shingo kidogo tu, simu zote za ng'ambo zinabaki za kupigia na kumulika tu.

Na sharti jingine lilitoka kwa Baba. Baba yake Mawimbi ndiye mwenyekiti wa kamati, mtu asiyecheka na nyani. Siku ya kumkabidhi Ng'ambo kazi alimwambia mbele ya watu:

"Kijana, simu zako na binti yangu ni za kazi. Dishi likisumbua, pigianeni. Dishi likitulia, na nyinyi mtulie. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mzee."

Walielewana kweli. Tatizo ni kwamba dishi lenyewe halikutulia hata kidogo.

Wiki haikupita bila meseji.

"Mtandao umekatika. Naomba upande juu."

"Napanda sasa hivi, Fundi. Vaa kofia, jua kali."

"Kofia si kazi."

"Ukiumwa kichwa nani atanielekeza? Ni kazi."

Siku ile ya "usipumue", baada ya kukaza nati, Mawimbi alishuka kwenye ngazi huku anaimba. Akamkuta Baba mezani, miwani mkononi, uso umekunjamana.

"Kaa hapa, mwanangu."

"Kuna nini, Baba?"

"Juzi nesi wa ng'ambo alikuwa anamtumia daktari picha ya jeraha la mtoto. Ikafika nusu. Daktari atatibu nusu ya mguu?"

Mawimbi akainamisha kichwa.

"Kesho ni mkutano mkuu," Baba aliendelea. "Sisi ukumbini, wenzetu wa ng'ambo shuleni, tunaonana kwenye skrini. Bwana Pingamizi, yule jirani wa kupinga kila kitu, ameshawajaza watu maneno. Mtandao ukikatika katikati ya mkutano, madishi yanang'olewa. Na mimi sitayatetea."

"Baba!"

"Na wewe utaenda mjini kwa shangazi yako, ukamsaidie dukani."

Sasa msomaji wangu, sogea nikunong'oneze. Wewe unadhani ni upepo? Upepo wa wapi! Dishi la Kilimani lilikuwa linalegezwa na mkono wa Mawimbi mwenyewe. Kila akimkumbuka kijana wa ng'ambo anapanda, anageuza nati kidogo, halafu anapiga simu kwa sauti ya masikitiko: "Limesumbua tena." Alikuwa anapenda, na hakuwa na njia nyingine ya kuisikia sauti ile. Lakini habari ya mguu wa mtoto ilimchoma.

Asubuhi alipanda mapema, akalirudisha dishi lake palepale kwenye alama ya rangi waliyoipiga siku ya kwanza, akakaza nati kwa nguvu zote. Akatazama simu yake aone mawimbi ya mtandao yamepanda kiasi gani.

Yalikuwa yameshuka.

"Haiwezekani," alijisemea. "Langu limenyooka, mbona la ng'ambo halinioni?"

Akapiga simu. Haikupokelewa, maana Ng'ambo alikuwa shuleni anapanga viti. Baba akaita kutoka chini kwamba spika zijaribiwe, kwa hiyo akashuka, akaunganisha simu yake na spika za ukumbi, akapima sauti. Kisha watu wakaanza kuingia, na picha ya ng'ambo ikatokea kwenye skrini ikiwa na ukungu.

Mkutano ulianza vizuri. Mwalimu wa ng'ambo alisimama kusema wanafunzi wake sasa wanasoma na shule za mbali, na kabla hajamaliza sentensi akaganda, mdomo wazi, mkono juu.

"Si nilisema!" Bwana Pingamizi aliruka kwenye kiti. "Mwenyekiti, mtu yule ameganda kama picha ya kitambulisho! Ng'oeni hayo madishi!"

"Ng'oeni!" wengine wakadakia.

Baba akamtazama binti yake. Mawimbi aliliona duka la shangazi machoni mwake. Akachomoka mbio, akapanda ngazi mbilimbili, huku anapiga simu.

Katika haraka ile alisahau kwamba simu bado ilikuwa imeunganishwa na spika za ukumbini. Na spika zilikuwa hapo hapo chini ya miguu yake, ila huko juu upepo ulimziba masikio, na kelele zake mwenyewe zilipenya bati.

"Ng'ambo! Panda tangini!"

"Nishapanda, Fundi! Dishi langu nimelikaza mwenyewe, halitikisiki!"

"Umelikaza likiwa limepinda! Langu liko kwenye alama ya rangi. Lako lipo kwenye alama?"

Kwenye simu ikasikika spana ikigonga tangi.

"Nimekuuliza, lipo kwenye alama?"

"Halipo."

"Kwa nini halipo?"

"Kwa sababu nimekuwa nalilegeza."

"Unasema?"

"Nalilegeza, Mawimbi! Nikikaa bila kusikia sauti yako napanda huku na spana. Baba yako alisema dishi likitulia na sisi tutulie. Mimi kutulia nimeshindwa!"

Ukumbini watu walishikana mikono. Baba alisimama wima, miwani ikamteleza puani. Mtu mmoja akataka kucheka, na Bwana Pingamizi, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, akamkaripia: "Shhh! Tusikilize!"

"Mawimbi? Umekasirika?"

"Mimi pia."

"Wewe pia umekasirika?"

"Mimi pia nimekuwa nalegeza, mjinga wewe!"

"Acha utani!"

"Haki ya Mungu!"

"Ndiyo maana kila nikilinyoosha halinyooki! Nikawa nalaumu upepo!"

"Mimi nilikuwa nalaumu kunguru!"

Wakacheka wote wawili, wakaishiwa pumzi. Kisha sauti ya Mawimbi ikabadilika.

"Ng'ambo, yule mtoto wa jeraha..."

"Najua. Nesi aliniita, nikampakia mtoto kwenye pikipiki mpaka kwa daktari. Amepona, lakini njia nzima nilijiona mtu wa hovyo. Nikarudi nikakaza nati, nikaapa silegezi tena. Kumbe nimekaza pabaya."

"Umelifuata dishi langu likiwa limepinda. Rudisha kwenye alama."

"Kulia?"

"Kulia. Tena. Tena kidogo... mawimbi yanapanda! Yanapanda, Ng'ambo! Simama hapo! Kaza!"

"Kabla sijakaza. Likitulia hili, hutanipigia tena."

"Kaza, watu wanasubiri!"

"Nakupenda."

"Kaza kwanza!"

"Sikazi mpaka unijibu."

"Nakupenda, jamani, nakupenda tangu siku tuliyobeba hili dishi! Haya kaza, mpenzi, kaza!"

Na hapo ndipo skrini ilipowaka. Picha ilikuja safi, mwalimu akamalizia sentensi yake na mkono ukashuka, na shule nzima ya ng'ambo ikasikia kutoka Kilimani: "Kaza, mpenzi, kaza!" Mama mmoja wa safu ya mbele huko ng'ambo akanyanyuka taratibu.

"Samahani, Mwenyekiti. Huyo mpenzi anayekaza, si mwanangu?"

Mlango ukafunguka, Mawimbi akaingia anahema, uso unang'aa.

"Baba, mtandao! Mtandao umerudi!"

Hakuna aliyepiga makofi. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Mbona mnanitazama hivyo?"

"Tumesikia," alisema Baba.

"Mmesikia nini?"

Spika zikamjibu kwa sauti ya Ng'ambo, laini kabisa: "Mpenzi, nishuke?"

Watu walilipuka kwa vicheko, wa huku na wa kule. Mawimbi alifunika uso kwa mikono miwili. Baba akasubiri kelele zipungue, akasogelea simu.

"Kijana."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Usishuke kwanza. Nyinyi wawili mmechezea zahanati ya watu. Nesi yuko hapo kwenye skrini. Mwombeni radhi sasa hivi, kila mtu anasikia."

Wakaomba, Mawimbi huku machozi yakimtoka. Nesi akasema amesamehe, ila wakirudia atawachoma sindano wote wawili.

"Haya, tuamue," Baba aliwageukia wakazi. "Bwana Pingamizi, wewe ndiye uliyetaka madishi yang'olewe."

"Mimi napinga."

"Unapinga nini tena?"

"Napinga kung'olewa! Mtandao unaoniletea mambo kama haya, niung'oe mimi?"

Mikono iliyoinuka kuyabakiza madishi ilikuwa misitu miwili, mmoja ukumbini na mmoja kwenye skrini. Baba akamnyooshea binti yake kiganja.

"Lete spana."

"Baba..."

"Lete. Na ya ng'ambo iletwe kesho. Zote zitakaa kwangu. Mkitaka kuongea, pigianeni simu kama watu."

Mawimbi alichelewa kuelewa. Alipoelewa, alimrukia Baba shingoni mpaka miwani ikaanguka. Yule mama wa ng'ambo alikuwa bado amesimama.

"Mwenyekiti, na sisi tuje lini kuzungumza?"

"Njooni mapema, mama," Baba alijibu akitafuta miwani chini ya viti. "Kabla hawajapanda tena juu."

Harusi ilifungwa ukumbini humo humo, chini ya lile dishi. Wagonjwa na wazee walioshindwa kuzunguka bonde waliiona yote kwenye skrini kule shuleni, na picha haikuganda hata mara moja. Wakati wa zawadi Baba alitangulia mbele na kifurushi kidogo kizito, kimefungwa utepe mwekundu. Mawimbi akakifungua, Ng'ambo akichungulia juu ya bega lake. Zilikuwa spana mbili.

"Nyumba yenu itahitaji kukazwa hapa na pale," alisema Baba. "Ila dishi langu msiliguse."