Ukuta wa Marsela

Skrubu ya kwanza ilidondoka mchana, Sintamei akiwa mlangoni anapepeta maharage. Aliingia ndani akakuta rafu ya vibuyu vyake vya maziwa imeinama upande mmoja, na chini yake vumbi jekundu. Hatua moja pembeni, picha ya marehemu Marsela ilikuwa imetulia juu ya msumari mmoja.

Ilikuwa miezi minne tangu mumewe, Vedasto, amtoe kwao Endulen na kumleta hapa Endabash, kwenye nyumba ambayo yeye na Marsela, mke wake wa kwanza, waliifyatulia matofali kwa mikono yao.

Vedasto alimwita fundi, Modest. Modest alisukuma kidole kwenye tundu, kikazama chote.

"Tofali limekwisha, shemeji. Linasagika kama unga."

Akalipanua tundu, akalisugua kwa brashi mpaka vumbi likaisha, akalilowesha, akalishindilia sementi na mchanga, akawaambia wasiliguse siku tatu. Aliporudi alitoboa kwa drili, akapachika vile viplastiki vya kushikia skrubu, akakaza skrubu ndefu zaidi. Kisha akaining'inia rafu kwa uzito wake wote. Rafu haikutikisika.

Kesho yake skrubu zote nne zilikuwa sakafuni, zimelazwa kwa mstari, na vibuyu viwili vimepasuka.

Modest alizigeuzageuza kiganjani. "Hizi hazikung'oka," alisema kwa sauti ya chini. "Zimefunguliwa."

Tangu siku hiyo Sintamei alisikia kucha zikikwaruza nyuma ya lipu, saa sita mchana, Vedasto akiwa shambani. Na ingawa mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei, chumba kilinuka udongo mbichi, harufu ya mtu aliyetoka sasa hivi kukanyaga tope la matofali, na kila alipogusa ukuta aliukuta una joto la mwili, na kila alipoondoa mkono mkwaruzo ulimfuata, polepole, ndani kwa ndani, mpaka usawa wa uso wake.

"Mume wangu, humu kuna mtu," alinong'ona.

Vedasto hakubisha. Alikwenda Daa kumleta Eva, mama mzazi wa Marsela, ambaye watu humwita akawaombee.

Eva aliweka kiganja ukutani, kisha akamgeukia Vedasto.

"Ulimwahidi nini mwanangu?"

Vedasto aliinamisha kichwa. "Kwamba hataingia mwanamke mwingine humu, mama."

"Mwambie umeivunja ahadi. Mwambie kwa lugha yake."

Vedasto aliegemeza paji la uso ukutani, akaanza kusema Kiiraqw. Sintamei hakujua hata neno moja la lugha ile; yeye na Vedasto walizungumza Kiswahili tu. Lakini alisikia jinsi sauti ya mumewe ilivyolainika, ikashuka, ikabembeleza, sauti ambayo yeye hakuwahi kupewa hata usiku wa harusi, na kitu cha moto kikampanda kifuani, akatamani ukuta uwaangukie wote wawili, aliye hai na aliyekufa.

Mkwaruzo ukanyamaza. Eva alimgeukia Sintamei, akamtazama kwa wasiwasi. "Na wewe, binti, uachilie huo wivu, usije ukamfungulia mlango."

"Nimeuachilia," Sintamei alijibu. Alidanganya.

Modest alikaza skrubu upya, nazo zikashika. Harufu ikaisha. Kwa wiki nzima nyumba ilitulia, na Vedasto akaanza tena kupiga mluzi akitoka shambani.

Mchana wa siku ya nane alirudi kunywa maji, akamkuta mkewe ameegemeza paji la uso ukutani, kucha zake zimejaa vumbi jekundu.

"Sintamei, una nini?"

Akageuka taratibu, akitabasamu. Kwa Kiiraqw safi, cha mtu aliyezaliwa Endabash, alimwambia airudie ile ahadi, polepole, neno kwa neno.