Salamu ya Njia ya Nkanka

Nilikwenda Nkanka kutafuta maziwa, basi. Sikwenda kwa mganga, sikwenda kwa mwanamke, kama wambeya wa mjini kwetu Kamembe wanavyopenda kusema. Maziwa tu.

Ilikuwa Agosti ya mwaka wa tisini na nane. Vita ya pili ilikuwa imeanza ng'ambo, Kongo, na jioni tulisikia milio upande wa Bukavu. Bum... halafu kimya... halafu bum. Mke wangu Uwamahoro alikuwa na majuma sita kaburini. Alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua, damu ilikataa kusimama. Akaniachia msichana aliyezaliwa kabla ya siku zake, mimba ya miezi saba na kidogo. Nikamwita Isimbi. Alikuwa mdogo, ndugu yangu, nikikuonyesha kwa mikono utasema ninatia chumvi.

Muuguzi aliniambia jambo moja. "Papa, uyu mutoto haiko na joto yake. Umupe yako." Akanifungua vifungo vya shati yeye mwenyewe, akamlaza mtoto uchi juu ya kifua changu, akatufunika. Nikabaki nimesimama pale kama mwizi aliyekamatwa na kuku mkononi.

Basi nikambeba. Usiku kifuani. Mchana mgongoni, ninakanyaga cherehani naye amefungwa kwa kitenge cha mama yake. Sasa wewe unajua, kwetu mwanamume habebi mtoto mgongoni. Bamama wa sokoni walicheka mpaka wakashika mbavu. "Fundi Kamali! Na ziwa yako ya kunyonyesha uliificha wapi?" Niliwajibu vibaya, sikufichi, nina mdomo. Lakini sikumshusha.

Mwanzoni alikuwa analia akinisikia nikikohoa tu. Halafu juma la nne, ninashona kola ya mtu, nikasikia amenyamaza. Nikasimamisha mguu. Akalia. Nikakanyaga tena. Akanyamaza. Mwanangu alikuwa ameujua mguu wangu! Nililia juu ya ile kola, na mwenye shati alipokuja nikamwambia ni maji yamemwagika.

Shida ilikuwa chakula. Maziwa ya mjini yalimharisha. Jirani yangu Maman Mukakalisa, anayeuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, mwanamke wa kelele lakini moyo wake safi, ndiye aliyeniambia kuwa Sibomana wa Nkanka ana ng'ombe aliyezaa.

"Lakini uende mapema," akasema. "Giza isikukute kwa ile njia na mutoto."

"Kuna nini?"

"We enda mapema tu. Unauliza sana."

Sikwenda mapema. Kulikuwa na suruali ya kumaliza, na mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni akipiga miayo. Nilipotoka kwa Sibomana na chupa yangu imejaa, jua lilikuwa limeshazama. Njia ile inapita kwenye migomba, inateremka karibu na maji ya ziwa, halafu inapanda kwenye mikaratusi. Hakuna nyumba hata moja. Nilikaza kitenge, nikatembea haraka. Nilikuwa nasikia miguu yangu, na pumzi ya Isimbi kwenye mgongo wangu.

Nikafika kwenye mteremko.

Vyura wakanyamaza.

Halafu nyuma yangu, karibu sana, sauti ya mwanamke. Ya chini, yenye adabu.

"Yonkwe."

Hiyo ni salamu ya Kinyarwanda anayopewa mzazi mwenye mtoto mchanga. Ni kumtakia mtoto anyonye, akue. Na mzazi anajibu "Twese", yaani sisi sote. Wanapewa wanawake. Mimi kwa majuma sita hakuna hata mtu mmoja aliyenipa. Walinicheka, walinihurumia, waliniletea uji, lakini salamu ile, hapana. Na jioni ile nikaisikia. Kifua kikanijaa, wallahi. Nikasema moyoni, jamani, huyu ameniona. Sikugeuka hata. Nikajibu kwa furaha, kwa sauti kubwa.

"Twese!"

Nikapiga hatua mbili.

"Asante," akanong'ona. "Asante, papa."

Hatua zikaanza kunifuata. Chwap... chwap... Miguu yenye maji. Nikanusa maziwa. Si ya ng'ombe. Ni yale ya mama, yanayochachia kwenye nguo. Ninaijua harufu hiyo, nilimzika mke wangu akiwa nayo. Na chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya udongo uliochimbwa leo.

"Umemufunga chini sana. Ngoja."

Mikono ikamshika mtoto kwa nyuma, ikampandisha. Baridi yake ilipita kwenye kitenge, ikapita kwenye shati, ikanifika mgongoni. Nilitaka kugeuka. Shingo ilikataa. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi, nikafika katikati, nikasahau. Mimi, niliyeisoma tangu sijaota meno ya pili!

Halafu nikasikia.

Mchw... mchw... mchw...

Isimbi alikuwa ananyonya.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Nimejiuliza mimi mwenyewe mara nyingi. Ningekimbia ningemkatiza. Unanielewa? Alikuwa hajawahi kula vile tangu azaliwe. Alikuwa anameza. Nikaanza kutembea polepole, ndiyo, mimi mwenyewe nilipunguza mwendo, na machozi yananitoka kwa hofu, mpaka tukaiona taa ya kwanza ya Kamembe. Hapo mgongo wangu ukawa mwepesi, na zile hatua hazikuwepo tena.

Nyumbani nikamfungua. Tumbo lake limejaa. Midomo myeupe kwa maziwa. Chupa ya Sibomana ilikuwa haijafunguliwa.

Kesho yake akakataa maziwa ya ng'ombe. Alikaza midomo, akageuza uso. Nilipokanyaga cherehani hakunyamaza, alilia tu, mguu wangu ukawa si kitu kwake. Jioni ilipofika akatulia ghafla na kuutazama mlango.

Nikampeleka. Nilijidanganya kuwa natafuta hewa. Siku ya pili nikampeleka tena. Majuma mawili nilimpeleka, kila jioni, mpaka kwenye ule mteremko, na kila jioni nikaligeuzia giza mgongo. Akanenepa. Mashavu yakatoka, mikono ikapata mikunjo. Bamama wa sokoni wakaacha kucheka, wakaanza kunisifu. "Fundi, wewe ni mama kabisa!" Lakini hakuna aliyemshika muda mrefu. Alikuwa baridi. Nikimlaza kifuani usiku, mimi ndiye niliyepoa. Na mchana alinitazama kama abiria anayengoja gari.

Maman Mukakalisa ndiye aliyemnusa. Alikuja na beseni lake la sambaza, akainama kumbusu, akarudi nyuma.

"Kamali. Nani ananyonyesha uyu mutoto?"

Nikamweleza yote. Akakaa chini, sambaza zikamwagika, hakuziokota.

"Ulijibu? Bila kugeuka?"

"Nilijibu."

"Mungu wangu! Bamama bote banajua. Sauti ya nyuma haijibiwi mpaka uone uso. Nilifikiri unajua... Nilisahau weye ni mwanaume."

Akanieleza kwa sauti ndogo, yeye ambaye hajui sauti ndogo. Miaka miwili nyuma, mwezi wa Novemba, watu walipokuwa wanarudi kutoka kambi za wakimbizi za ng'ambo, wengine walishukia njia ile kwenye mvua. Kati yao mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Alitembea siku mbili bila kumfungua, kwa sababu aliyesimama aliachwa. Pale kwenye mteremko akamwomba mwenzake amsaidie kumshusha, amnyonyeshe. Mwenzake akafungua kitenge, akafunga tena. Akamwambia, dada, huyu amekufa tangu jana. Yule mwanamke akasema hapana, amelala. Asubuhi walimkuta majini. Kitenge kilikuwa kimefungwa vizuri, na ndani hakuna kitu.

"Sasa anaamkia kila mwenye mutoto," akasema. "Hakuna aliyemujibu. Ni weye tu umemwambia sisi sote." Akajifuta uso kwa khanga. "Bengine banasema si yeye. Banasema kile kitu kilikuwa pale tangu enzi ya bibi zetu. Mimi sijui."

"Nifanye nini?"

"Usirudi kule. Akilia, alie."

Nikafunga mlango. Nikavua shati, nikamlaza kifuani, nikajizungushia blanketi mbili. Nilimwimbia kila nilichokijua. Alilia siku nzima ya kwanza. Nilimpa maziwa kwa kijiko, kwa biberoni, ile chupa ya kunyonyea, kwa kidole nilichochovya. Akatema. Siku ya pili nikampeleka kwa muuguzi, akampima kila mahali, akasema haoni ugonjwa. "Anakataa tu, papa. Endelea kumukumbatia." Nikamkumbatia. Kila jioni, saa ileile, aligeuza kichwa mlangoni na kufungua kinywa, bila sauti.

Siku ya tatu hakulia tena.

Utosi wake ulikuwa umezama, ukiweka kidole kinakaa. Ngozi ya mapaja ilikuwa imelegea. Nilikuwa na jasho mwili mzima chini ya zile blanketi, na yeye alikuwa anakuwa mwepesi juu yangu, saa kwa saa. Nilimpa joto langu lote, ndugu yangu. Yote niliyokuwa nayo. Halikutosha, na hakuna kitu nilichokijua zaidi ya hicho.

Jioni Maman Mukakalisa aliingia. Akamtazama. Mimi nikamtazama yeye, nikingoja aniambie usiende. Alikwenda akafungua mlango, akausimamia, huku anaangalia chini.

Nikaenda mbio.

Pale kwenye mteremko nikasimama, nikatoa mgongo. Safari hii hakunipa salamu.

"Umechelewa," akanong'ona. Ile sauti ilikuwa imeumia. "Amekonda. Ulimufanya nini?"

Mimi, mwenye mdomo, nikashika fundo la kitenge kwa mikono miwili.

"Mgongoni sifiki vizuri. Nipe."

"Utamrudisha?"

"Nipe, papa. Anakufa."

Nilimfungua kwa mikono yangu hii. Nikamwinua, nikampitisha juu ya bega langu, nyuma, bila kugeuka. Kuna sekunde moja nilihisi tumeshika wote wawili. Halafu mikono yangu ikawa mitupu.

Mchw... mchw... mchw...

Nililia kwa furaha. Ndiyo, andika hivyo kama unaandika. Kwa furaha.

Akamrudisha. Akaniwekea mgongoni, akanifungia kitenge yeye mwenyewe, akakipapasa mara mbili kama wanavyofanya kina mama. Isimbi alikuwa ameshiba na amelala. Siku ile alikaa naye kwa muda wa kusali rakaa mbili, si zaidi. Kesho yake rakaa nne. Juma lililofuata nilisali isha nzima nimeyapa maji mgongo, na nilipomaliza walikuwa hawajarudi. Siku hizi hamnyonyeshi hapa. Anaondoka naye. Nasikia chwap... chwap... zinakwenda, na wimbo mdogo ambao siujui, halafu nangoja.

Maman Mukakalisa hapiti tena mlangoni kwangu. Ananitumia sambaza kwa mikono ya watu. Hanilaumu, nadhani hawezi kunitazama tu.

Nawe umepita ukanikuta nimekaa kwenye jiwe hili la mteremko, peke yangu, shati wazi, na baridi hii ya ziwa, ukaniuliza kama nina wazimu. Sina. Nimekaa juani mchana kutwa, nimekunywa chai ya moto vikombe vitatu, mikono nimeibana kwapani. Ni kazi yangu pekee iliyobaki. Akirudi lazima akute kifua cha moto, ajue kuna mtu huku. Pengine siku moja atachagua mwenyewe. Ana miezi minne tu, atachagua nini?

Jana alirudi saa mbili. Leo saa mbili imeshapita, nimesikia saa tatu ikigonga kwenye redio ya wale wavuvi, nao wameshaondoka. Muda mfupi uliopita wimbo ulikuwa pale kwenye migomba. Sasa uko chini, kwenye maji.

Usiondoke, ndugu yangu. Tafadhali. Kaa nami kidogo, usigeuke, nisikilizie tu huko majini, masikio yangu mimi siyaamini tena.

Bado anameza?