Kiuno cha Suruali ya Fundi

Wiki tatu baada ya kupasuliwa tumbo na kutolewa uvimbe, fundi cherehani alirudi kwenye mashine yake karibu na dirisha. Mkewe alifurahi. Kila mchana alimpikia supu ya mifupa iliyoelea mafuta, maana mgonjwa lazima arudishe nguvu.

"Naona unaanza kujaa, baba watoto," alimtania. "Supu yangu si mchezo."

Fundi alicheka kidogo. Hakumwambia kwamba alikuwa amefumua kiuno cha suruali yake mara mbili akakipanua. Tumbo lilikuwa zito. Akilala chali, alikosa pumzi. Aliogopa kupasuliwa tena, basi akashona na kunyamaza.

Siku moja jirani yao muuguzi alileta gauni lipunguzwe. Fundi alipoinua utepe kumpima, muuguzi aliitazama mikono yake.

"Shemeji, mikono imebaki mifupa, tumbo limejaa. Huku si kunenepa. Na kiuno cha suruali naona kina mshono mpya. Umekipanua lini?"

Fundi aliangalia chini. "Jana. Na wiki iliyopita."

Mkewe, aliyekuwa analeta supu, aliweka bakuli mezani.

"Twendeni hospitali sasa hivi," muuguzi alisema.

Huko daktari alimchoma sindano tumboni. Maji yaliyotoka yalikuwa meupe kama maziwa. Mke aliogopa sana. Alidhani ni usaha. Hakupata usingizi mpaka majibu ya vipimo yalipotoka kesho yake.

"Si usaha," daktari alieleza. "Mafuta tunayokula hupita kwenye vijishipa vyembamba tumboni. Kimoja kilijeruhiwa wakati wa upasuaji, sasa kinavuja. Mafuta yakiwa mengi, kinavuja zaidi. Tukiyapunguza, mara nyingi kinaziba chenyewe."

"Kwa hiyo ni supu yangu?"

"Supu haikukitoboa, mama. Ilikinyima nafasi ya kupona."

Fundi alilazwa siku kumi, bomba dogo likitoa maji. Mtaalamu wa lishe alimpangia kuku bila ngozi, ute wa yai, maharage ya kuchemsha, na, kwa kipimo, mafuta maalumu ya hospitali yasiyopita kwenye vijishipa hivyo. Vya kukaanga, marufuku. Nyumbani apime uzito na tumbo kila asubuhi. Akipata homa, maumivu, kukosa pumzi au tumbo kujaa, arudi siku hiyohiyo.

Kila asubuhi mke alimzungushia utepe, akaandika daftarini. Wiki nzima namba haikusogea. Halafu ikaanza kushuka, polepole.

Asubuhi moja alisikia cherehani. Alikimbia sebuleni, akaikuta ile suruali chini ya sindano.

"Unaipanua tena? Unanificha tena?"

"Naipunguza," fundi alisema. "Nilikuwa nakusubiri uje unipime."

Mkewe alikaa chini, akalia, kisha akaomba utepe.