Anaoga kwa Binamu Yake

Duka la fundi simu lilijaa watu hadi mlangoni, na kiti kilichobaki kilikuwa kimoja tu. Kijana mwenye shati la bluu lililopigwa pasi likanyooka kama karatasi alimpisha msichana aliyeingia na gauni la njano na kilemba cha kijani. Msichana huyo aliuza kuku na bata sokoni, tena kwa sauti inayosikika mtaa wa pili.

"Dada, una unyoya begani," kijana akasema.

"Utoe basi, kaka. Au unaogopa bega?"

Hakuutoa. Alirudi nyuma kidogo, akacheka kwa aibu. Msichana akaona huyo ana heshima, na wenye heshima siku hizi ni wa kutafuta. Fundi alipomaliza, walishapeana namba.

Penzi likakolea. Walikutana jioni kwenye kibanda cha juisi, lakini sokoni kijana hakukanyaga hata siku moja. Simu hazikukauka. Kijana alimwita malkia wangu, naye akamuuliza ni malkia gani anayenuka bata. Akiulizwa kazi, kijana alisema yuko kwenye kampuni fulani, kisha akabadilisha mazungumzo. Wauza kuku walishamwona kwa mbali, wakampa jina la Mtanashati.

Aliyeleta maneno ni shoga yake msichana, muuza mayai, mtu ambaye habari ikimlalia tumboni humletea kiungulia. Alisema kila Mtanashati akiagana na msichana jioni, huenda kwa binamu yake, nyumba iliyo nyuma ya kinyozi. Huko anaoga, anaosha mpaka nywele, anatoka na nguo nyingine na viatu vingine.

"Shoga, mwanamume akitoka kwako akaoga hivyo, anamwogea nani?"

Meza zote za kuku zikakubaliana kwamba ana mke. Msichana akampigia kumuuliza kama kweli anaoga kwa binamu. Kijana akasita, akasema ndiyo, ila. Hiyo ila haikusikilizwa. Tangu hapo simu zake hazikupokelewa, mpaka mama mtu akamwambia bintiye kama hataki kupokea basi aizime, watu wasikilize redio.

Na redio ilikuwa na habari. Mafua ya ndege yalikuwa yameingia kwenye mabanda ya upande wa pili wa mji. Jioni hiyo ikaita namba ngeni, msichana akapokea.

"Malkia, usikate. Usipokee kuku wapya kwa sasa. Na bata watenge na kuku."

"Wewe mume wa watu, kuku wangu wanakuhusu nini?"

"Sina mke. Nina kuku."

Ndipo yakatoka yote. Alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la kuku wanaotaga mayai ya kutotolesha vifaranga, na anayeingia humo haruhusiwi kushika ndege wengine, wala kukaa karibu na anayewashika. Sasa kwa ajili ya ugonjwa geti la shamba limefungwa, wafanyakazi wanalala humo humo, na hiyo ilikuwa simu ya mlinzi. Akamweleza kwamba bata anaweza kubeba virusi huku anakula na kuogelea kama kawaida. Vikimfikia kuku vinazaliana, na kila vikijinakili vinakosea kidogo. Kosa linalovisaidia ndilo linalobaki. Aina mbili zikikutana ndani ya ndege mmoja, zinabadilishana vipande, ikazuka ya tatu.

"Kama wapangaji wanaoazimana nguo," msichana akasema. "Hujui tena nani ni nani."

"Hivyo hivyo. Halafu vinasafiri kwa matenga, magurudumu, viatu. Hata shati langu."

"Na ulishindwa kuniambia?"

"Ningekwambiaje? Kwamba nakupenda, lakini bata wako wananinyima usingizi?"

Kesho yake msichana akawahamishia bata mbali na kuku, akayasugua matenga kwa sabuni na dawa, akalirudisha gari la kuku wapya. Wenzake wakamcheka, kisha mmoja mmoja wakaja kuomba dawa. Ugonjwa haukufika sokoni. Kuoga alishamsamehe. Kilichomkaa kooni ni kwamba mtu alijua jambo linalomhusu yeye na biashara yake, akalifunga mdomoni.

Geti lilipofunguliwa, kijana akaja sokoni mchana kweupe. Alisema ameomba kuhamia ofisi ya mauzo hapa mjini, bandani haingii tena.

"Umeomba lini?"

"Wiki iliyopita."

"Ukamuuliza nani?"

Muuza mayai akaacha kupanga mayai yake.

"Kazi yako ya bandani umeiacha kwa ajili yangu," msichana akasema taratibu, "na mimi naambiwa leo, kama jirani."

"Nilitaka kukufurahisha."

"Nimefurahi. Lakini jambo la sisi wawili, niulize kwanza."

Kijana akamwangalia, akaangalia wauza kuku waliokuwa wakijifanya wana shughuli, akashusha pumzi.

"Basi nakuuliza. Utakubali nikuoe?"

Msichana akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Njoo nyumbani Jumapili," akasema. "Mama ana maswali mengi. Usimfiche hata jibu moja."